Nishani ya Mtoto wa Mwenzangu

Kaka yangu alianza kuwa jasiri siku tatu baada ya kufa. Kabla ya hapo, katika maisha yake yote, hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kumshuku kwa kosa hilo.

Nasema hivi mimi dada yake wa tumbo moja, niliyekula naye ugali sahani moja. Kaka aliogopa mbwa, radi, sindano, madume ya ng'ombe, mwalimu wa hesabu na bata mzinga wa jirani. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, na kwetu huku upande wa Gitting ukungu haupigi hodi, hakwenda chooni mpaka nimsindikize. Alikuwa amenizidi miaka sita. Nilikuwa nasimama nje ya mlango wa choo nikitetemeka kwa baridi, namlinda mlinzi wa taifa wa baadaye.

Na alikuwa na namna yake ya kuogopa. Watu wengine wakiona hatari hukimbia. Kaka alikaa chini kwanza. Alifungua kamba, akavua viatu, akavipanga sambamba kama mtu aliyefika mlangoni mwa msikiti, akavua soksi, akazisokomeza zote mbili kwenye kiatu cha kushoto, ndipo akakimbia huku machozi yakimtoka. Alisema viatu vinamchelewesha. Kwa muda aliotumia kuvivua, mtu mwenye akili zake angekuwa ameshafika mjini Katesh.

Kazi ya kuvifuata viatu ilikuwa ya mama. Jioni alizunguka kijijini akivitafuta, na kwa kuviona alijua mwanawe ameogopea wapi. Vikiwa josho, basi ni dume la ng'ombe. Vikiwa karibu na uzio wa jirani, ni bata mzinga. Alirudi navyo mkononi, anamkuta kaka jikoni anachomoa miba kwenye nyayo, na kila mara alimwambia maneno yale yale: "Nimekuambia mara ngapi uvae viatu?" Alimwambia kwa Kiiraqw, lugha aliyoitumia kwa mambo ya maana. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia viazi.

Kuna siku moja nimeisimulia maisha yangu yote kama kichekesho. Nilikuwa darasa la kwanza, tunatoka shule, mbwa wawili wakanizingira kwenye kona ya shamba la ngano. Kaka alikuwa nyuma yangu kidogo. Nikamwona anakaa chini. Anafungua kamba, analia kwa sauti, kaptula imeshalowa. Nikajua nimekwisha. Kisha akaja, peku, akaniinua mgongoni, tukafika nyumbani yeye analia kuliko mimi. Pale shuleni nilisimulia habari ya kaptula kwa wiki nzima. Habari ya mgongo sikuisimulia, maana haikuchekesha mtu.

Alipotuletea taarifa kwamba ameingia jeshini, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kwamba huko jeshini wanamruhusu mtu kuvua viatu? Kaka akasema hapana, mama, huko buti ni saa zote. Mama akasema basi hutadumu.

Alidumu, kwa kweli. Akapelekwa kulinda amani nchi ya watu, amani ambayo inaonekana haikuwa na habari kwamba inalindwa. Msafara wao ukashambuliwa njiani, gari likawaka moto. Akawatoa wenzake watatu mmoja mmoja. Alipomrudia wa nne hakutoka tena.

Jeneza lilikuja na bendera, limefungwa. Tuliambiwa lisifunguliwe. Tuliambiwa kwa upole mwingi, na askari wawili wapole wakasimama pembeni yake siku nzima. Mama alisema anataka kumwona mwanawe. Wakamweleza kwamba kwa hali ilivyo ni vizuri abaki na kumbukumbu njema. Baadaye afisa mmoja mwenye sauti nzuri akasoma karatasi: marehemu hakujua woga, tangu siku ya kwanza hakujua woga, alitazama kifo usoni bila kupepesa. Mama akanigeukia na kuniuliza wanamsema nani. Nikamwambia wanamsema kaka. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema neno moja: "Siye."

Nilidhani ni uchungu. Kesho yake, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, aliwaambia wazee wa ukoo kwamba limetokea kosa. Mwanawe wamempoteza huko huko, na huyu waliyemleta ni mtoto wa mwanamke mwingine. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba gunia lililoshushwa kwake si lake.

Tangu hapo kaburi lile nyuma ya nyumba, pembeni ya viazi, lilikuwa la mgeni. Mama alilipalilia kuliko shamba lake. Aliweka uzio wa miti mbuzi wasipite. Lakini saruji alikataa, na msalaba wenye jina alikataa. Alisema hawezi kuliandika jina la mwanawe juu ya mtoto wa mwenzake. "Mwenzangu huko analia," aliniambia, "hajui mtoto wake yuko kwenye viazi vyangu." Na kila Jumamosi alivaa kitenge safi akaenda kusimama barabarani basi la kutoka Katesh likipita, kwa sababu kaka likizo zote alikuja Jumamosi.

Tulijaribu kila kitu. Katekista alikuja na kitabu cha Ayubu. Wajomba walikuja na ukali. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Mogitu, nina dawa ya kila gumu, yaani kurudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Nilimwambia jeshi halikosei. Mama akanitazama kwa huruma. Alikuwa ananihurumia mimi, niliyesoma.

Mwaka wa pili ukaja na barua. Kaka ametunukiwa nishani ya ushujaa, na kwa kuwa mwenyewe hawezi kufika kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, mama yake ataipokea kwa niaba. Mgeni rasmi angekuja nayo mpaka kijijini. Cheo cha mgeni rasmi sikitaji, maana vyeo hivi hubadilika kabla wino haujakauka.

Kijiji kikafufuka. Iliundwa kamati ya mapokezi ya watu kumi na watatu, ambao wengi wao walikuwa hawajawahi hata kumsalimia kaka njiani. Greda lililosubiriwa tangu enzi za babu likaja kulima barabara, kumbe lilikuwepo, lilikuwa linangoja tu mmoja wetu afe vizuri. Mawe ya pembeni ya uwanja wa shule yakapakwa chokaa. Choo cha walimu kikawekwa mlango.

Mimi, kama msomi wa familia, nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nikaandika ninachokijua. Niliandika viazi, ukungu, mbwa, na nikaandika kwamba aliogopa bata mzinga. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu aliyenifundisha mimi mwenyewe, aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na kalamu hiyo ilikuwa haijapumzika tangu astaafu. Alikata bata. Alikata kaptula. Alikata mgongo, maana kwenye habari hiyo kuna kilio, na shujaa halii. Akaniambia kwa upole kwamba binti, wasifu si mahali pa kueleza mtu alivyokuwa. Nikasema ndiyo mwalimu. Nikarudi kuandika kwamba tangu utotoni alionyesha dalili za ujasiri na uongozi, akiwa kiranja wa usafi. Alikuwa kiranja wa usafi kwa wiki mbili, na alijiuzulu kwa kuogopa kuwapanga darasa la saba.

Nilimsomea mama ile karatasi. Nilitumaini ikisomwa na mtoto wake ataiamini. Alisikiliza, akasema huyo mtoto wa mwenzangu alikuwa mtoto mzuri sana.

Siku ile ndipo nilipoona nilichofanya. Kila sifa tuliyoiongeza ilimsogeza kaka mbali na lile kaburi. Tulikuwa tunamzika mtu mwingine, tena kwa mwandiko wangu.

Kisha wakaja watu wa maandalizi, vijana wenye fulana zinazofanana na simu mbili mbili, kumweleza mama atakaa wapi na atasimama lini. Wakamuuliza kama ana swali. Mama akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Alikuwa amevaa viatu?"

Mwenyekiti, aliyekuja nao, akanigeukia, akauliza mama ana maana gani. Nilijua. Ni mimi peke yangu pale niliyejua. Ingetosha niseme kwamba kaka akiogopa alivua viatu, na kwamba mama yangu anaomba alama moja tu ya mwanawe katika habari yote mnayomletea. Lakini vijana walikuwa wananitazama, na mimi ni mwalimu, na nikaona aibu. Nikasema mama anaulizia vifaa vya marehemu, hasa buti, angependa kuwa nazo kama kumbukumbu.

Basi kamati ikashughulika. Kamati haikuwahi kushughulika na jambo kwa moyo kama lile la buti. Waliandika barua, wakajibiwa kwamba vifaa vya jeshi havitolewi. Kwa hiyo wakatuma mtu mnadani Katesh akanunua buti mpya, nyeusi, namba arobaini na tatu. Kaka alivaa arobaini. Zikapigwa rangi mpaka ukaweza kujiona, zikawekwa juu ya mto mwekundu uliotoka kwenye kochi la mwenyekiti mwenyewe.

Siku ilipofika, mgeni rasmi alitarajiwa saa nne, kwa hiyo akafika saa nane. Watoto wa shule walisimama kwenye ukungu na sweta zao, wakaimba nyimbo zote walizofundishwa, wakazirudia, wakaanza kuimba za Krismasi. Chini ya turubai viti vya mbele vilivikwa vitambaa, vya nyuma vikaachwa uchi kama sisi tuliovikalia. Mama walimkalisha mbele. Alivaa kitenge chake cha Jumamosi, kile cha kwenda kusubiri basi, na akawa anageuka kutazama barabara kila gari likipita.

Wasifu ukasomwa. Watu waliokuwa wakimwita kaka "Peku" walifuta machozi. Mgeni rasmi akahutubia, nusu ya kwanza juu ya barabara, nusu ya pili juu ya barabara zijazo, na mwishoni akamkumbuka marehemu, simba ambaye hakujua woga. Kisha mshereheshaji akamwita mama.

Mama alisimama mbele ya mgeni rasmi. Upande mmoja kisanduku cha nishani, upande wa pili ule mto na zile buti. Mgeni rasmi akaanza na buti, akisema serikali ni sikivu na ombi la mama limesikika. Mama akaziangalia. Kisha akauliza lile swali tena, na safari hii kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja mzima ukasikia.

"Siku ile, alikuwa amevaa viatu?"

Mgeni rasmi alitabasamu. Akamwambia asiwe na wasiwasi, askari wetu siku zote yuko kamili, buti, mkanda na kofia, na mwanao alikuwa kamili mpaka dakika ya mwisho.

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Akakichukua kisanduku, akakiweka mikononi mwa mgeni rasmi, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Basi siye," akasema. "Hii mpelekeeni mama yake."

Mshereheshaji alifanya kile ambacho washereheshaji hufundishwa kufanya, akaongeza muziki. Mwenyekiti alinitazama kwa macho ya kalamu nyekundu. Wajomba walianza kuinuka. Mimi nilikaa. Nilikuwa nimeganda kwenye kiti changu cha plastiki, nikiwaza kwamba mama sasa ataonekana kichaa mbele ya wilaya nzima, na kichaa huyo nimemtengeneza mimi.

Kwenye safu ya tano alikuwepo askari mmoja kijana, aliyekuja na ugeni. Hakuwa kwenye ratiba. Alikuwa anachechemea, na nilikuwa nimemwona mapema akikaa peke yake, hata maji hanywi. Akainuka, akapita katikati ya viti, afisa mmoja akamshika mkono, naye akautoa taratibu. Alipofika mbele akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akasema yeye ni wa tatu. Wa tatu kutolewa kwenye lile gari. Mtu wa muziki, sijui nani alimwambia, akazima.

"Mama, hakuwa na buti," akasema. "Alizivua. Mimi nimelala nimevunjika mguu, namwona kule ng'ambo amekaa chini nyuma ya jiwe, anafungua kamba. Analia. Nilimtukana, mama, nisamehe. Nilijua anakimbia. Akakimbia kweli, ila alikimbilia kwetu. Na kila akirudi alikuwa bado analia."

Akaeleza kwamba aliyasema hayo kwenye maelezo yake, wakayaondoa, kwa sababu kuvua buti vitani ni kosa na nishani haitolewi kwa kosa. Aliongea kwa sauti ndogo. Afisa wake alikuwa ametazama chini, na sikumwona kama mtu mbaya, nilimwona kama mimi.

Mama hakuonyesha furaha wala uchungu. Wauza viazi hawaonyeshi. Aliuliza viatu alivipangaje. Yule kijana akazichukua zile buti mpya kwenye mto mwekundu, akapiga goti kwa shida, akaziweka chini, sambamba, visigino vimegusana.

"Na soksi?" mama akauliza.

"Zote mbili kwenye buti ya kushoto," akasema. "Nilimuuliza alipokuwa ananibeba, unafanya nini wewe. Akasema zisipotee, mama atagomba."

Mama akainama, akaziokota zile buti, akampa yule kijana, akamwambia avae yeye. Mwanawe hana mazoea nazo. Akageuka akaanza kutembea kuelekea nyumbani, katikati ya uwanja, akipita mbele ya kwaya, mbele ya mgeni rasmi, bila kumuaga mtu.

Mgeni rasmi alibaki na kisanduku, na mpiga picha alikuwa anasubiri, na nishani ni lazima ipokelewe na mtu. Wakanipa mimi. Picha ipo, imetundikwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Mimi nimeshika kisanduku, mgeni rasmi ametabasamu, na macho yangu yako pembeni, kule mama alikokuwa anakwenda. Baada ya mpiga picha kumaliza nilikimbia. Nikavua viatu vyangu vya kisigino katikati ya shamba la ngano, maana kweli vinachelewesha.

Nilimkuta kaburini, upande wa miguu. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye viazi. Alikuwa ameshika kiuno, kama alivyosimama jikoni zamani, na alikuwa anagomba kwa Kiiraqw.

"Nimekuambia mara ngapi uvae viatu? Mara ngapi? Moto wote ule."

Kisha akakaa kwenye udongo, akalia kilio kile ambacho kwa miaka miwili hakuwahi kukilia, akilipiga kaburi kwa kiganja. Nikakaa karibu naye. Nilimwambia habari ya kalamu nyekundu, na habari ya buti, kwamba nilimdanganya mwenyekiti kwa sababu ya aibu. Nikamwambia pia habari ya mgongo, ile ya mbwa, ambayo nilikuwa sijawahi kumsimulia. Akasema anaijua. Viatu alivikuta pale kwenye kona ya ngano, na jioni ile alipotaka kufua soksi zangu alizikuta safi, akajua nilibebwa.

Huko uwanjani mshereheshaji alikuwa anatangaza chakula, wageni wa meza kuu waanze. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akang'oa jani moja la magugu pembeni ya kaburi, akalishika mkononi.

"Kumbe yule mwenzangu niliyekuwa namhurumia," akasema, "ni mimi."